Sufi, gundi ya muhogo na kifarishi kilichonishinda Ziwani: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu batting na basting

Wakuu, nawasalimu wote, mliopo ofisini bosi ametoka na mliopo nyumbani mkisubiri maharage yaive.

Naanza kwa kukiri.

Kwa miaka mingi nimesimulia, kwenye harusi, kwenye semina, na mara moja kwenye makala niliyolipwa chai na maandazi mawili, kwamba nikiwa msichana nilikwenda Ziwani, Mtwara, nikawafundisha akina mama kushona vifarishi vya watoto wachanga.

Si kweli.

Ziwani nilikwenda. Akina mama walikuwepo. Vifarishi vilishonwa. Lakini aliyefundishwa ni mimi, na nilikuwa mwanafunzi mzito.

Chumvi sijaongeza hapa. Ningekuwa naongeza, ningejitengenezea sura nzuri zaidi kuliko hii mtakayoiona.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja humu aliyeuliza wiki iliyopita: anataka kumshonea mtoto quilt, atumie batting gani, na basting afanye kwa pini, kwa spray ya gundi, au kwa uzi? Nikaona anajibiwa kwa links za Ulaya tu, kana kwamba watoto wa kwetu walikuwa wanalala kwenye majani.

Dada, quilt ni mfarishi. Ya mtoto ni kifarishi. Batting ni kile kinachokaa katikati, kati ya kitambaa cha juu na cha chini, kinacholeta joto. Basting ni kuyashikiza matabaka yote matatu kwa muda ili yasihame wakati unashona. Mafundi wa zamani wanaita kupiga bandi. Haina uhusiano na bendi wala gitaa.

Sasa tuingie kwenye aibu yenyewe.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, ile ya kupanga foleni ya sabuni bila kuwa na hakika kama mbele kuna sabuni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu. Nilisomea maendeleo, na kwa jinsi mlivyo na akili, mtaniuliza maendeleo ya nini. Hata mimi nilijiuliza. Nikapangiwa mkoani kwetu, Mtwara, niwe nasaidia vikundi vya akina mama vijijini.

Mimi ni mtoto wa Mikindani. Mama yangu aliuza vitumbua, baba alikuwa na duka la chumvi na viberiti. Sindano niliishika kwa ajili ya vifungo tu. Lakini nilikuwa na shahada na daftari lenye jalada gumu, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu wa miaka ishirini na nne, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Kikundi cha Ziwani kilikuwa na akina mama tisa na cherehani moja. Walikuwa na chumba walichopewa na kijiji, pembeni ya ghala la korosho. Chumba kidogo, dirisha moja, sakafu ya saruji.

Usikidharau kile chumba. Mama mmoja kijana, Hawa, mwenye mdomo usio na breki, aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, hapa ndipo mahali pekee kijiji kizima ambapo nikikaa hakuna mtu anayeniita nikateke maji."

Walikuwa wananiita mwalimu. Sikuwakataza.

Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa kijiji alikuwa anakitaka kile chumba. Alikuja akasimama mlangoni, akavua kofia kwa heshima, akasema, "Akina mama, mimi sina ugomvi na sindano. Lakini korosho zinakuja, na korosho hazilali nje. Mkipata kazi ya kueleweka kabla ya msimu, chumba chenu. Msipopata, mtaniwia radhi."

Kazi ya kueleweka ikajitokeza wiki ileile. Matroni wa wodi ya wazazi huko mjini alikuwa amechoka kuona watoto wanafungwa khanga ile ile mama aliyojifungulia. Akatuma ujumbe: tuleteeni kifarishi kimoja cha mfano. Tutakifua mara kumi, kwa maji ya moto, kama hospitali inavyofua. Kikibaki kifarishi, tutawapa kazi ya kudumu.

Kimoja. Si viwili. Kikifaulu, chumba kinabaki. Kikifeli, korosho zinaingia na Hawa anarudi kuteka maji.

Nikafungua daftari.

Hoja yangu ilikuwa nzuri sana, wakuu. Hadi leo nikiisoma naipenda. Nilisema: tunaishi katika kujitegemea. Kwa nini tutafute blanketi la dukani la kuweka ndani, wakati misufi imejaa kila njia ya kwenda shambani, sufi inadondoka bure? Na kwa nini tupoteze uzi kwa kupiga bandi, uzi ambao kupatikana kwake ni kwa bahati, halafu tuufumue tuutupe? Muhogo tunao. Tukune muhogo, tukamue, tupike gundi, tubandike matabaka, tushone. Kifarishi cha Ziwani, kwa mali ya Ziwani!

Nilikuwa nimesimama. Nadhani hata ngumi niliinua.

Akina mama walinipigia makofi, kasoro mmoja. Huyu aliitwa Bi Somoe. Mwembamba, mtu mzima, mkulima wa muhogo na korosho kama wenzake, na ndiye fundi wao. Alikuwa anashona bila kuangalia mikono yake, kama wengine wanavyovuta tasbihi.

Akasema taratibu, "Mwanangu, sufi ni ya mto. Ni ya mtu mzima, asiyekojoa."

Chumba kikacheka. Mimi nikacheka kidogo, kidemokrasia.

Nikamwambia, "Bi Somoe, lazima tujifunze kujitegemea."

Akajibu, "Jitegemee wewe. Mtoto mchanga anamtegemea mama yake."

Niliandika kwenye daftari: mwamko bado.

Basi tukakubaliana kila mmoja ashone chake, mimi na yeye, halafu kikundi kichague kimoja cha kupeleka.

Siku ya sufi sitaisahau. Hakuna aliyeniambia kwamba sufi huichambui ndani ya chumba chenye dirisha moja na upepo wa baharini. Tulipasua maganda, tukaanza kutoa mbegu na kupiga kwa fimbo ili ichanganuke. Dakika kumi baadaye hatukuwa tunaonana. Sufi imeingia kwenye nywele, kwenye nyusi, puani. Mama mmoja alipiga chafya saba mfululizo na tukawa tunahesabu kwa sauti kama watoto wa shule.

Mwenyekiti akapita, akachungulia, akaona viumbe kumi weupe.

"Mmekuwaje? Mbona wote mmeota mvi?"

Hawa akamjibu kutoka ndani ya wingu, "Karibu, mwenyekiti. Tunazeeka kwa kujitegemea."

Nadhani ndiyo siku niliyocheka zaidi maishani, ingawa kila nikicheka nilimeza sufi.

Kisha gundi. Nilipaka kwa mwiko, nikatandaza sufi juu ya kitambaa cha chini, nikapaka tena, nikalaza khanga juu. Kikakauka juani kikawa kigumu kama ubao wa matangazo. Hawa akakigonga kwa kidole, kikalia ko! ko!

"Mwalimu, hiki cha kulalia au cha kubisha hodi?"

Kwa sababu gundi ilikuwa imeshika barabara, sikuona haja ya kushona sana. Nikapitisha mistari minne ya cherehani, basi. Kilikuwa kimenyooka, hakina hata kunyanzi moja. Kwa macho, kilikuwa kizuri kuliko cha Bi Somoe. Hili sitaki mtu anibishie.

Sasa dada uliyeuliza, soma hapa vizuri, maana ndipo penye kazi.

Bi Somoe alichukua blanketi kuukuu la pamba. Si lililotoboka; lililochakaa. Lilikuwa limefuliwa miaka na miaka mpaka, kwa maneno yake, limeshika adabu. Akalikata kipimo cha mtoto. Kitambaa cha chini kilikuwa marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, naye alikifua kwanza kikasinyaa kadiri kinavyotaka kusinyaa. Cha juu khanga kuukuu, laini.

Akatandaza marekani kwenye sakafu, akaikandamiza pembe nne kwa vifuko vya korosho ili isicheze. Akalaza blanketi. Akalaza khanga. Akapitisha kiganja kuanzia katikati kwenda nje, polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa wa tumbo. Kila alipohisi donge au hewa, aliisukuma mpaka ikatokea ukingoni.

Ndipo akapiga bandi. Nayo kuanzia katikati kwenda nje, kama miale ya jua. Mishono mirefu, kila mmoja kiasi cha pingili ya kidole. Na uzi wake wa bandi ulikuwa mwekundu, kwenye khanga ya bluu, ili baadaye usiupoteze machoni.

Nikamuuliza kwa nini asianzie pembeni. Akasema, "Ukianzia pembeni, makunyanzi yote yanakimbilia katikati, na katikati ndipo mtoto analala."

Akashona mistari yake ya kudumu, mingi, karibu karibu. Kisha akafumua bandi.

Hapa ndipo nilipopata jibu la hoja yangu ya kupoteza uzi, ingawa siku ile nililikataa. Hakuukata ule uzi. Alifungua fundo la mwanzo, akauvuta mzimamzima, pole pole, akauviringisha kwenye gunzi la muhindi. Ule uzi mwekundu ulikuwa umeshafifia. Hawa alisema umeshikiza vifarishi vya watoto wake wote wanne. Uzi mmoja! Na mimi nilikuwa nimesimama nawahubiria kuhusu uchumi.

Ikafika siku ya kuchagua. Viwili vikalazwa mezani. Mikono ikainuliwa.

Wote tisa walichagua changu. Hata Bi Somoe.

Niliuona ni ushindi wa fikra mpya. Baadaye sana Hawa alinieleza kwa huruma, "Mwalimu, wewe ulikuwa mgeni. Mgeni anyimwe?"

Nikaandika karatasi kwa mwandiko wangu mzuri na kuibandika kwenye mfuko: Kifarishi cha Ziwani. Ndani: sufi. Kushikiza: gundi ya muhogo. Chini nikaweka jina langu, na neno "mbunifu."

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mwalimu wa shule pale kijijini. Lori la kwenda mjini lingepita adhuhuri. Asubuhi ile nikakumbuka maneno ya Bi Somoe kuhusu kukojoa, yakaniwasha. Nikasema ngoja nikifue mara moja tu, nijiridhishe. Jua ni kali, kitakauka.

Nikakitumbukiza kwenye beseni.

Kikaelea.

Wakuu, kama hamjawahi kufua sufi, sufi haizami. Nilikisukuma chini, kikapanda. Nikakikandamiza kwa mikono miwili, kikatokea upande wa pili kama kiboko. Kilipokubali kulowa hatimaye, maji yakabadilika rangi, yakawa mazito. Gundi yote ilikuwa imerudi kuwa uji. Na kwa kuwa nilishona mistari minne tu, sufi ikawa huru kwenda inakotaka, ikaenda yote kwenye kona moja.

Nilikinyanyua. Juu, vitambaa viwili vitupu vimeshikana. Chini, donge la ukubwa wa papai.

Nikakianika nyuma ya nyumba nikae nifikiri. Nilipofikiri kiasi cha robo saa nikasikia sauti ya kutafuna. Mbuzi wa mwenye nyumba alikuwa amegundua kwamba kile kitu kimekolea muhogo. Alikuwa ameshamaliza pembe mbili na anaielekea ya tatu, amefumba macho kwa raha. Ndiye pekee aliyewahi kukifurahia.

Sasa fikirieni. Lori linakuja. Matroni anasubiri. Mwenyekiti anasubiri. Akina mama tisa wamenipa heshima yao na chumba chao. Na ufunguo wa chumba, kwa desturi ya wasomi, nilikuwa nao mimi.

Nilikwenda, nikafungua, nikachukua kifarishi cha Bi Somoe kwenye rafu, nikakitia kwenye ule mfuko wenye karatasi, nikapanda lori.

Kuchukua bado ningeweza kujitetea. Nilikuwa nakiokoa chumba.

Ila ile karatasi sikuibadilisha. Hapo sina utetezi.

Nikakikabidhi hospitalini na jina langu juu yake. Niliporudi, Bi Somoe akaniuliza kifarishi chake kiko wapi. Nikasema nimekipeleka mjini kupigwa pasi.

Akaniangalia. "Kupigwa pasi," akasema. Nilikaa wiki nzima nikijishughulisha na daftari kila alipoingia.

Kabla sijawapa mwisho, niweke somo hapa, maana mwisho wenyewe hauna nafasi ya somo.

Dada, chagua batting kwa kuuliza swali moja: kitafuliwa mara ngapi? Cha mtoto kinafuliwa kila siku. Kwa hiyo pamba, au blanketi jepesi la pamba, na ukifue kabla ya kukishona. Sufi iache kwenye mito. Ile nene ya polyester inayovimba kama andazi, kwa joto letu la pwani, mhurumie mtoto.

Basting, piga bandi kwa uzi. Pini ukisahau moja ndani umeshona msiba. Spray sijawahi kuitumia na sitaisema vibaya, lakini mimi na gundi tulishaachana. Anzia katikati. Mishono mirefu. Uzi wa rangi nyingine. Shona kwanza, fumua baadaye. Na usiukate, uviringishe, utakufaa tena.

Na kwa vijana mliotoka chuoni juzi mkapangiwa vijijini: mtu akikuambia jambo taratibu, kwa sentensi moja, huku mikono yake inafanya kazi, funga daftari.

Nyuzi zenu nitazisoma zote. Aliyewahi kushona kwa sufi ajitokeze tufarijiane. Anayetaka kunikemea kwa wizi wa kifarishi naye foleni inaanzia hapa. Ila kwanza simu ya matroni, ndiyo mwisho wenyewe.

Matroni alikuwa amesema atapiga Ijumaa asubuhi, ofisini kwetu mjini. Sikuwaalika akina mama. Walikuja wenyewe, wamepanda lori la korosho, watano kati ya tisa, wamevaa khanga za sikukuu. Bosi wangu akatuachia chumba chake, akaenda kusimama barandani. Bi Somoe alikaa kwenye kiti cha bosi, si kwa kiburi, ndicho kilichokuwa wazi.

Simu ikalia. Simu za wakati ule ilibidi mtu apige kelele ili asikike, kwa hiyo unayeongea naye anasikika mpaka barabarani.

"Haloo! Mwalimu wa vifarishi?"

"Ndiye, matroni!"

"Tumekifua mara kumi! Kimechemshwa, kimesuguliwa, kimekojolewa na mapacha! Kiko vilevile!"

Vigelegele. Hawa alilikumbatia kabati la mafaili. Mimi nilikuwa nachekelea kama mwendawazimu, nikidhani nimepona.

"Lakini mwalimu! Kuna kitu sikielewi!"

Vigelegele vikapungua.

"Hii karatasi yako inasema ndani kuna sufi! Nimefumua kona kidogo, manesi wangu wanataka kujifunza! Sioni sufi! Naona blanketi! Na hii gundi ya muhogo iko wapi?"

Chumba kizima kilisikia. Wanne waliniangalia mimi. Bi Somoe aliangalia dirishani, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa.

Ningeweza kusema laini ni mbaya. Nilifungua mdomo niseme hivyo hasa.

"Matroni," nikasema, "karatasi ni yangu. Kifarishi si changu. Changu nilikifua mara moja, kikaliwa na mbuzi."

"Kikaliwa na nini?"

"Mbuzi!"

Kikaja kitu kama kicheko kilichobanwa, huko hospitalini na humo chumbani. Hawa alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanacheza.

"Aliyeshona hiki yupo?"

Nikampa Bi Somoe mkono wa simu. Akaupokea kwa mikono miwili, akaongea kwa sauti yake ileile ya kawaida, na sijui kwa nini, akasikika.

"Waalaikum salaam, mwanangu. Ndiyo, blanketi. Kuukuu. Jipya linasinyaa ukishalishona, linavuta kitambaa... Bandi, ndiyo. Kutoka katikati... Ishirini kwa mwezi? Mikono ipo. Blanketi ndiyo hatuna. Leteni yenu yaliyochakaa, tutayakata... Chumba?" Akawaangalia wenzake. "Chumba tunacho."

Hawa alikaa chini sakafuni, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Nilidhani yameisha. Nikanyoosha mkono nirudishe simu mahali pake. Lakini matroni alikuwa bado na jambo, na alilipigia kelele kama kawaida.

"Na huyo mwalimu! Yeye kazi yake hapo ni nini?"

Bi Somoe akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni, akakaa hapo kidogo.

"Anatutungia uzi kwenye sindano," akasema. "Macho yake bado mazuri."